Kurasa Zilizonyamaza

Igoki alimsikia kabla hajamwona. Fimbo ya Nthiga ilikuwa na mlio wake. Haikugonga kama zile za wazee waliokuja kusoma magazeti ya jana hapo verandani. Hii iligusa saruji kidogo, ikanyamaza, ikagusa upande wa pili, kama mtu anayebisha mlango na hataki kuamsha mtoto aliyelala ndani. Igoki alikuwa chumba cha nyuma cha maktaba, chai mbele yake imeshafanya utando, vidole vimelala juu ya mashine ya breli. Vidole vikakataa kuondoka hapo. Moyo nao, sijui niseme ulisimama au ulikimbia, maana ulifanya yote mawili.

Tangu mvua ndefu zianze hakuwa amemsikia. Sasa ilikuwa Julai, ile baridi ya Meru inayoingia kwenye mifupa, na watu walisoma wakiwa na makoti.

Hicho chumba zamani kilikuwa cha kuwekea mafagio na viti vilivyovunjika miguu. Bwana Mwongera, mkubwa wa maktaba, alikisafisha siku mashine ya breli ilipoletwa, akapigilia blanketi nzito dirishani ili kelele za malori ya barabara ya Makutano zisiingie kwenye kaseti. Hapo ndipo Igoki alipofanyia kazi. Kwa wasomaji wasioona alisoma vitabu kwa sauti mbele ya redio kubwa ya kaseti, na kila upande ukifika mwisho akasema, "Geuza kaseti." Kwa wale waliojua breli alichapa, ukurasa kwa ukurasa, kwenye karatasi nene kama ya kalenda, nukta zikavimba juu yake ili kidole kizisome. Mashine yenyewe ina vitufe sita vya herufi na kengele ndogo inayolia mstari ukikaribia kuisha. Hiyo kengele, kama kuna mtu unayemchapia, huwa inalia kama inakuuliza jambo.

Na Igoki alikuwa na mtu.

Nthiga alikuwa opareta wa simu katika chama cha ushirika cha kahawa huko Embu. Nyumbani kwao ni chini kabisa, kwenye joto la Kiritiri, lakini mjini alipanga chumba mtaa wa Dallas. Surua ndiyo iliyompofusha macho akiwa bado mtoto wa kubebwa. Kila mwisho wa mwezi alikuja Meru mwenyewe na fimbo yake, akarudisha kaseti, akachukua nyingine, na kila mara alikuwa na neno la kusema. "Kwenye kaseti ya pili ulikohoa," angesema. "Ulikunywa dawa?" Au, "Hapo yule bibi anapokufa, mvua ilikuwa inapiga mabati yenu. Nilidhani ni kwenye hadithi."

Mara ya mwisho, mwezi wa tatu, hakusema habari ya kukohoa. Alisema, "Igoki, mama yangu anauliza hii sauti ninayokaa nayo kila jioni kama ina mwenyewe. Nimwambie nini?"

Igoki alicheka, halafu kicheko kikamkauka mdomoni. Aliona uso wa mama yake, Celina, huko Kiirua, na jinsi alivyosema mbele ya jiko: Huyo kipofu wa Embu awe mteja wa laibrari, asiwe kitu kingine. Basi akajibu kama mtu anayeomba nafasi ya kupumua.

"Maliza kwanza kitabu ninachokuchapia. Ukishamaliza, uje hapa. Jibu nitakupa kwa mdomo wangu."

Kilikuwa kitabu cha mapenzi, kirefu, na alikuwa akikituma Embu kidogo kidogo kwa gari. Mafungu ya mwisho ya karatasi aliyatuma karibu na Pasaka. Akangoja. Mei ikapita, Juni ikapita, mwisho wa mwezi ukifika anavaa ile blauzi ya kola ya kushona kwa mkono, na jioni anairudisha kwenye hanga.

Sasa fimbo ilisimama mlangoni.

"Hodi."

"Karibu." Sauti ilimtoka nyembamba, akakohoa kuirekebisha. "Karibu, Nthiga. Kiti kiko palepale."

"Nitasimama."

Alivaa sweta ya buluu ya kufumwa, na vifungo alikuwa amevikosea, cha juu kimeingia tundu la pili, upande mmoja wa shingo ukawa juu kuliko mwingine. Igoki akaona hicho kifungo kabla ya kitu kingine chochote. Mkono ulitaka kwenda wenyewe. Akauwekea ule wa pili juu yake.

Nthiga aliweka begi mezani, akatoa kaseti moja baada ya nyingine, kila moja kwenye kasha lake, halafu mafungu ya karatasi za breli yaliyofungwa kwa kamba ya mkonge. Alizipanga vizuri, kingo kwa kingo.

"Nimerudisha vitu vya maktaba. Angalia kama kuna kinachokosekana."

"Unarudisha vyote?"

"Vyote."

"Kwani kusoma kumekuchosha?"

"Nimepata kazi Pwani. Kuna shule ya wasioona, wanataka mwalimu wa breli. Jumatatu natakiwa niwapigie simu niwaambie naenda."

Pwani. Igoki hakuwa amefika hata Nairobi. Alifikiria tu lile basi linaloondoka na kurudi kesho yake likiwa na vumbi jekundu mpaka kwenye vioo.

"Na simu za chama nani atapokea?"

"Atakuja mwingine. Simu haichagui mtu."

"Na vitabu? Huko nani atakusomea?"

"Wanasema wataletewa kompyuta. Unaiwekea maandishi, inasoma yenyewe."

"Bwana Mwongera ametuambia habari yake," alisema Igoki. "Inakohoa?"

Nthiga alitaka kutabasamu. Igoki aliona tabasamu likija mpaka pembeni ya mdomo, likafika hapo likarudi.

"Haikohoi," akasema.

"Basi utasikia vizuri."

Nje mtoto wa mtu alikuwa akiimba alfabeti, mamake anamwambia shh.

"Igoki, mimi sikuja kugombana. Nilitaka nikushukuru. Ulinisomea vizuri, na ulinichapia vizuri. Na jibu lako nililipata. Nimelielewa. Si lazima mtu aseme kwa mdomo."

"Jibu gani?"

"Usinifanye nilirudie."

"Lirudie! Mimi ndiye nimekaa hapa tangu Pasaka nikisikiza kila fimbo inayopita. Nilikuambia ukimaliza kitabu uje. Umemaliza, hukuja. Sasa unakuja na begi na habari za Pwani, ati nimekupa jibu. Nilikupa saa ngapi? Nikiwa nimelala?"

"Nani amemaliza kitabu?"

"Si wewe!"

"Wacha mzaha, mwana wa watu." Sauti ya Nthiga ilikuwa ya opareta, iliyozoea kusema polepole na watu wenye hasira, lakini safari hii ilitetemeka chini yake. "Yule mwanamke wa kwenye kitabu tangu mwezi wa nne ameshika komeo la mlango. Mpaka leo sijui kama alifungua. Kila jioni nikitoka kazini namkuta hapo mkono kwenye komeo. Ungeniandikia tu, 'Nthiga, hapana.' Ni herufi chache. Lakini kunitumia karatasi tupu!"

"Karatasi tupu?"

"Fungu la mwisho. Nililipokea Jumamosi. Nikanawa mikono, nikachemsha chai, nikakaa kitandani. Nikafungua. Ukurasa wa kwanza laini. Nikafikiri nimeshika upande wa nyuma, nikageuza. Laini. Nikaenda nikanawa mikono tena, nikisema labda ni mafuta. Zote laini, Igoki, mpaka ya mwisho. Jirani alikuwa amefungua redio, watu wanacheka, na mimi nimekaa na kurasa zilizonyamaza kwenye mapaja. Nikajiambia, huyu msichana ana huruma, ameshindwa kusema hapana, ameamua kutosema kitu."

"Mungu wangu, Nthiga." Igoki alikuwa amesimama. "Nilizichapa mimi! Mpaka kidole hiki cha mwisho kikavimba. Nilizichapa na kengele inalia na mimi nahesabu... wacha. Ziko wapi?"

"Hilo la juu."

Alikata kamba ya mkonge kwa meno, mkasi aliuona baadaye pale karibu na kikombe. Karatasi zilikuwa zenyewe, anazijua, na pale pembeni namba za kurasa alizoandika kwa penseli kwa ajili yake mwenyewe. Akapitisha kiganja. Laini. Akaisogeza ya kwanza kwenye mwanga wa balbu, akaiinamisha. Hapo ndipo akaziona nukta zake, zimelala chini kama majani ya shamba lililopigwa na mvua ya mawe, kivuli tu cha mahali zilipokuwa. Na karatasi ilikuwa na mng'ao wa ajabu.

"Nilizinusa," Nthiga akasema. "Zilinukia makaa. Nikasema labda ulikuwa umekaa jikoni."

Igoki akageuza karatasi ya pili. Chini yake, upande wa kulia, kulikuwa na alama ya kahawia, pana nyuma na kuchongoka mbele.

Akakaa chini polepole.

Siku ile alizibeba nyumbani Kiirua ili azipitie mwisho wa juma, ahakikishe hakuna kosa, kwa sababu lilikuwa fungu la mwisho. Mvua ikamkuta njiani. Alifika kiondo kimelowa, yeye mwenyewe ana homa, mama akamvua viatu, akampa uji wa moto, akamfunika. Alipoamka alikuta fungu limefungwa vizuri kwenye karatasi ya kaki, tayari. Hakulifungua. Alilipeleka steji ya magari hivyohivyo, na akashukuru.

"Nthiga," alisema. "Kaa chini. Tafadhali kaa."

Kabla hajakaa, mlango wa nje uligongwa kwa kiwiko na sauti ikamtangulia mwenyewe.

"Mwari wakwa, binti yangu, fungua, nimebeba! Hawa watu wa soko leo wamekataa viazi, ati vidogo. Vidogo! Wanataka viazi kama kichwa cha ng'ombe."

Celina aliingia na bakuli la mukimo limefungwa kwa leso na chupa ya uji chini ya kwapa. Siku za soko alimletea binti yake chakula cha mchana. Alikuwa mama mfupi, mwenye sweta mbili na gamba la udongo mweusi kwenye kucha. Akamwona Nthiga. Maneno ya viazi yakaishia hapo.

"Muga, mama," Nthiga alisema, akigeuzia uso mahali sauti ilipotoka. Kimeru chake kilikuwa cha kuazima, chenye ulimi wa Mbeere.

"Muga." Celina akaweka bakuli. Akageukia Kiswahili, kama watu wanavyofanya wakitaka mgeni ajue ni mgeni. "Ni huyu?"

"Ndiye, mama."

"Anaitwa nani vile?"

"Naitwa Nthiga, mama. Wa Embu."

"Embu najua. Nilisikia umeacha kuja. Nikasema ni vizuri, kijana ana akili."

"Mama!"

"Wacha niseme, yeye ni mtu mzima." Celina alivuta kile kiti ambacho Nthiga alikikataa, akakikalia yeye. "Kijana, mimi sina chuki na wewe. Hata ukiniomba maji nitakupa. Lakini huyu msichana babake alikufa yeye akiwa darasa la tatu. Nimebeba ile nyumba mgongoni peke yangu, na najua uzito wake. Sitaki yeye aanze kubeba siku ya kwanza ya harusi."

"Nakuelewa, mama."

"Unaelewa nini? Nani atakufulia? Nani atakupikia huyu akiwa kazini?"

"Nguo nafua mwenyewe. Chapati napika. Si za duara, lakini zinaliwa."

"Na moto?"

"Moto una joto, mama. Unajitangaza."

"Na mtoto akilia usiku gizani?"

"Gizani sisi wote tuko sawa. Mimi tu ndiye nimezoea."

Celina akaangalia pembeni haraka, lakini Igoki aliona mashavu yake yakipigana na kicheko. Halafu macho ya mama yakaanguka mezani, kwenye zile karatasi.

"Haiya. Si hizi ndizo nilikausha?"

Igoki aliinua kichwa.

"Ile siku ulikuja umelowa," Celina aliendelea, akichukua moja na kuipepea kwa fahari. "Wewe ulikuwa unaongea na homa, ati 'karatasi zangu, karatasi zangu'. Nikasema maskini, kazi ya serikali hii itaharibika. Nikatoa moja, naona ina maji, na imefanya vipele kila mahali kama ngozi ya kuku. Nikasema hii imeumuka na mvua. Nikawasha pasi ya makaa. Mbele ya jiko, moja moja, mpaka mgongo ukaniuma. Moja ilitaka kuungua, nikaiwahi. Lakini angalia zilivyonyooka! Hata mwenye duka hawezi kukupa karatasi kama..."

Alisimama katikati ya neno, kwa sababu binti yake alikuwa anamwangalia na machozi yanateremka bila kelele.

"Kwani nimefanya nini?"

"Mama, vile vipele ndivyo maneno."

"Maneno gani?"

"Ndiyo maandishi. Yeye anasoma kwa vidole. Ulifuta kitabu."

Celina aliitazama karatasi. Akaigeuza. Akapitisha kidole chake kinene juu yake, polepole, kama mtu anayetafuta sindano kwenye godoro.

"Ngai," alisema kwa sauti ndogo. "Na mimi sijawahi kumfanyia huyu kijana wema ila siku hiyo moja, tena bila kujua."

Kilichotokea hapo Igoki hakukitazamia. Nthiga alianza kucheka. Kicheko kilianzia tumboni, kikampanda mabegani, fimbo ikamtoka mkononi ikaanguka. "Pasi," alisema. "Nimekaa miezi nikilia kwa sababu ya pasi." Alikuwa anajipangusa macho kwa mkono wa sweta, na Igoki hakujua kama ni ya kucheka au ni yale mengine, naye alikuwa anacheka na kulia vilevile. Celina peke yake ndiye aliyekaa wima, karatasi mapajani, uso umeanguka.

"Kijana, nisamehe. Sikujua."

"Najua hukujua, mama."

"Nimesoma mpaka la nne. Maandishi niliyofundishwa yana wino."

Nthiga alipapasa meza mpaka akapata mashine. "Igoki, kuna karatasi?" Igoki akaiweka karatasi mpya, akaizungusha ndani. Nthiga akabonyeza, taratibu, vitufe viwili, viwili tena, akaendelea hadi neno likaisha. Akaitoa.

"Mama, nipe mkono."

"Wa nini?"

"Hautakatwa."

Celina alimtazama binti yake, akatoa mkono. Nthiga akaushika kwenye kiganja, akachagua kidole cha shahada, akakiweka kwenye karatasi.

"Sisikii kitu," Celina alisema. "Hivi vidole vilikufa zamani kwa jembe."

"Unakandamiza. Gusa kama vile unavyogusa paji la uso la mtoto aliyelala, ukitaka kujua kama homa imepungua."

Igoki aliona bega la mama yake likishuka.

"Hapa kuna mbili," alisema Celina. "Zimekaa pamoja."

"Hiyo ni C."

"Hapa... mbili tena, lakini moja imeteleza chini."

"Hiyo ni E. Endelea."

Alikwenda hivyo, mdomo wazi kidogo, kama mtoto wa shule. Nyingine zilimshinda, Nthiga akamsaidia. Alipofika mwisho kidole kilisimama.

"Hii iko moja tu. Peke yake."

"Hiyo ni A. Ndiyo inayofunga jina. Umesoma Celina."

Celina alirudisha kidole mwanzo, akapita tena jina lote, na lile la mwisho, lile la peke yake, akakaa juu yake kitambo. Halafu akavuta mkono, akaichukua karatasi bila kuikunja, akafungua leso ya bakuli.

"Nimeharibu kitabu cha watu," alisema, akisimama na kujipangusa. "Hilo nimekubali. Sijasema nimetoa msichana."

"Sijasema umesema, mama."

"Vizuri. Kuleni mukimo kabla haujapoa. Wote wawili. Mimi narudi kwa viazi vyangu." Mlangoni akageuka. "Na huo ukurasa wenye jina langu, mtu asiuguse na pasi," akaongeza, ingawa alikuwa nao yeye mwenyewe kifuani, ameukumbatia kwa mikono miwili.

Walikula kwenye bakuli moja, kijiko kimoja kwa zamu. Kama ulishawahi kugombana na mtu unayempenda, unajua hiyo njaa inayokuja baadaye.

"Sasa nisomee," alisema Nthiga. "Ni mwisho tu uliobaki. Alifungua ule mlango?"

Igoki alitazama kile kifungo kilichokosewa. Kitabu kilikuwa kwenye rafu, kiasi cha kunyoosha mkono.

"Hapana."

"Hakufungua?"

"Sikusomei. Nikikusomea sasa, utakuwa umemaliza. Utanidai jibu hapa, na mama yangu bado yuko barabarani ana jina lake kifuani, hajui alifanye nini. Nitachapa upya. Ukurasa kwa ukurasa."

"Jumatatu nawapigia watu wa Pwani, Igoki."

"Najua."

"Niwaambie nini?"

"Mimi sijui kazi ya simu. Wewe ndiye opareta."

Kwa mbali kengele ya shule ililia, na Bwana Mwongera akasikika akimwambia mtu kwamba magazeti hayatolewi nje. Igoki alitaka kusema usiende. Neno lilikuwa kwenye ulimi, na aliogopa kwamba likitoka tu, litakuwa la kulipia kosa la mama yake, si lake mwenyewe. Akamwona Nthiga akikiweka kijiko kando ya bakuli. Akaenda akasimama mbele yake.

"Vifungo umevikosea," alisema.

Akafungua cha juu, akakitia tundu lake. Cha pili. Cha tatu. Nthiga alisimama wima kama anapimwa na fundi, pumzi ameishika. Alinukia sabuni ya mche na vumbi la safari. Hakuna aliyemgusa mwenzake ila kwa sweta.

Kisha Igoki alichukua mkono wake wa kushoto, akaugeuza, na juu ya mkono wa sweta, karibu na kiwiko, akaweka vidole vyake kama anavyoviweka kwenye mashine. Akabonyeza. Akainua, akabonyeza tena. Herufi baada ya herufi, kwa uzito uleule wa vitufe, neno moja tu.

Ngoja.

Nthiga alifunika mkono wa Igoki kwa wa kwake, mahali neno lilipoishia, kama mtu anayezuia upepo usizime kitu.

"Nitawaambia," alisema, na zile kaseti, na kukohoa, na mvua ya mabati, vyote vilikuwa ndani ya sauti yake, "nitawaambia kuna kitabu nakisoma. Sijakimaliza."

Akainama, akapapasa, akaokota fimbo. Igoki alimsindikiza mpaka veranda tu, kwa sababu alijua akifika langoni hatarudi. Alisikiza ile fimbo ikigusa, ikinyamaza, ikigusa, mpaka Makutano ikaimeza.

Juma lile mashine ya breli haikupumzika. Watu wa kusoma magazeti waliuliza ni kengele gani hiyo. Igoki alichapa mpaka kidole cha mwisho kikavimba tena, na kila mstari kengele ilipouliza swali lake, alijua la kujibu. Wakati wa jioni alikuwa anapitisha kiganja juu ya kurasa kuona kama ziko hai, na mahali pale ambapo yule mwanamke ameshika komeo, vidole vyake vilikawia bila kazi yoyote. Hakuzibeba nyumbani. Siku ya soko mama yake alikuja kuzichukua mwenyewe, na hakuna aliyemtuma.

"Leta," Celina alisema. "Nitazipeleka steji. Wewe maliza kazi."

Igoki hakumaliza kazi. Alisimama ng'ambo ya barabara, nyuma ya kibanda cha mahindi ya kuchoma, akaangalia. Mama yake alikuwa amekaa kwenye benchi la gari za Embu, fungu limesimama mapajani kama mtoto mchanga, mikono imelizunguka. Makanga alifika na kabichi begani.

"Mathe, leta hiyo tuweke chini ya mizigo."

"Rudi nyuma! Hii haiwekewi kitu juu."

"Ni mayai?"

"Si mayai."

"Ni sahani?"

"Ni maneno. Ukiyalalia yanakufa. Utaishika mkononi mpaka Embu, unasikia? Mtaa wa Dallas kuna kijana anaitwa Nthiga, ana fimbo nyeupe, anaongea vizuri. Utampa yeye mwenyewe."

"Sawa, mathe. Nimwambie imetoka kwa nani?"

Celina alikawia. Aliangalia kamba aliyofunga, akaivuta kidogo kuona kama imekaza, akailegeza tena ili isiumize karatasi. Aliposema, sauti yake ilivuka barabara mpaka kwenye kile kibanda cha mahindi, na Igoki akajishika mdomo.

"Mwambie imefungwa na mama wa Igoki," alisema. "Na umwambie safari hii sikupiga pasi."